Sharti la Karatasi ya Mkanda

Karatasi ya Mwalimu Radhiya ilibanduliwa ukutani Mtangawanda, gati ya kisiwa cha Pate, siku ya Jumatatu, na aliyeibandua ni mamake mzazi.

Hakuipasua. Aliikunja mara nne, akafungia ndani yake mikate miwili ya mofa, na asubuhi ya pili yake akampa Nahodha Husseini aje nayo Amu. Husseini aliifikisha gatini kama alivyoagizwa. Radhiya alikuwa akipita kuelekea shuleni na madaftari ya hisabati kwapani, akaitwa kwa sauti iliyosikika gati nzima.

"Mwalimu! Mzigo wako huu, watoka kwa Bi Mwanaarabu. Amesema mikate ni yako na karatasi ni yako, na yenye maana ni mikate."

Watu walicheka. Radhiya alicheka nao, kwa sababu mtu akichekwa gatini asipocheka huchekwa mara ya pili. Lakini aliumia. Aliikunjua ile karatasi, akaona alama za gundi bado ziko kwenye pembe zake nne.

Ilikuwa karatasi ya maji. Atokaye Amu kwenda Pate kwa boti lazima apite Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, na Mkanda hauaminiki. Maji yakijaa utapita huku unapiga soga. Yakitoka utakaa kwenye tope uhesabu kaa. Manahodha hulijua hilo tangu utotoni, ingawa saa yenyewe hata wao huikisia. Wasiolijua ni abiria: mama mjamzito aliyeandikiwa siku yake hospitalini, mwanafunzi mwenye mtihani, bwana harusi. Kwa ajili ya hao, Radhiya alikuwa ameunda programu ya kompyuta, na kwa miaka miwili alichapisha kutoka humo karatasi moja kila mwezi, ikionyesha kila siku na saa ambazo boti iliyosheheni inaweza kupita Mkanda. Moja hubandikwa kwenye banda la abiria Mtangawanda, nyingine zahanati ya Pate, kwao alikozaliwa. Watu waliiita karatasi ya Radhiya. Yeye alijifanya hapendi kuitiwa jina hivyo, na hakuna aliyemwamini.

"Kwani imekuwaje?" aliuliza.

"Yana tumekaa topeni saa sita," Husseini alisema. Alikuwa mtu mpole, mwenye kofia isiyotoka kichwani, na upole wake ndio uliozidisha uchungu. "Karatasi yasema Mkanda hupitika mpaka saa mbili asubuhi. Tumefika saa moya na robo, mai hayapo. Bi Mwanaarabu alikuwa arudi Pate na mofa thalathini za arusi. Abiria wakashikwa na ndaa. Zilizosalia ni hizo mbili."

"Mama aliteta?"

"Angeteta tungepumua. Alinyamaza saa sita nzima."

Radhiya alifumba macho. Alimjua mamake akinyamaza.

Hapo ndipo simu ya Husseini ilipojisemea mfukoni. Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya Kiamu safi: *Mkanda yeo hupitika mpaka saa mbili na dakika tano. Kisha ngoja saa nane unusu.* Husseini aliitoa, akaitazama, akairudisha kama mtu aliyekwisha kuizoea.

"Nini hicho?"

"Programu ya Fawaz, yule wa duka la simu. Nimenunua kwake wiki iliyopita." Husseini aliona haya kidogo. "Tena yana ilisema kweli, Mwalimu. Ilisema saa moya kamili mwisho. Karatasi yako ikasema saa mbili. Nikaamini karatasi, kwa kuwa weye nakuyua."

Neno hilo lilimchoma kuliko kicheko chote cha gatini. Aliomba ile simu aitazame. Juu kwenye pembe palikuwa na picha ya kaa mwenye gando moja kubwa, na yule kaa, alama ya programu ya karatasi, alimchora yeye mwenyewe, kwa mkono wake, jikoni kwake, mwezi wa Ramadhani wa mwaka juzi.

* * *

Fawaz alikuwa na duka dogo la kutengeneza simu na kutoa nakala, na alikuwa na kipaji ambacho kila mtu Amu alikisifu na kila mtu alikiogopa: kitu chochote cha mtu alikifungua aone ndani mna nini. Alipomwona Radhiya saa za adhuhuri akiingia bila salamu ndefu, alijua.

"Karibu, Mwalimu. Kiti hicho."

"Sikai. Bwana Fawaz, ile programu unayoiuza ni yangu."

"Ni yako na si yako," alisema Fawaz. "Weye ulinipa kadi ya kumbukumbu yenye kila kitu, mpaka maandishi ya ndani, niwatilie manahodha simuni. Nikasoma maandishi. Nikaona pana makosa, nikayatengeza. Nikaitia sauti, kwa kuwa nahodha mwenye usukani mkononi hana nafasi ya kusoma. Sasa yasema, tena yasema kweli. Kosa langu liko wapi?"

"Unaiuza! Na mwanzoni kabisa niliandika: *Wakfu. Haiuzwi.* Uliyaona maneno hayo, ukayafuta."

Hapa inafaa ielezwe Radhiya aliyatoa wapi maneno hayo. Marehemu babake aliacha msahafu katika msikiti wa mtaa wao Pate, na kwenye jalada aliandika kwa wino mweusi maneno hayo hayo, kama waandikavyo watu wote: kitu ni cha Mungu, kisomwe na kila mtu, kisipelekwe sokoni. Radhiya hakuanza programu yake kutoka patupu. Hesabu za kupwa na kujaa kwa maji aliziokota kwenye mtandao, katika programu ya mwanamke mmoja wa Nairobi aitwaye Gakii, aliyeziacha wazi kwa watu wote pamoja na leseni yake. Leseni hiyo ilikuwa ya kurasa kumi na moja za Kiingereza cha mawakili. Radhiya alisoma ukurasa wa kwanza, akaona neno *huru*, akaona neno *wote*, akasema moyoni: hii nimeielewa, hii ni wakfu. Akafupisha kurasa kumi na moja kwa maneno mawili, akalala usingizi mzuri.

Fawaz aliweka bisibisi chini.

"Mwalimu, sote tumesoma Kurani chuoni. Mtu huweka wakfu kitu chake. Hesabu zile ulinunua? Ulirithi?"



"Basi niambie jambo moja tu," alisema Radhiya kwa sauti iliyopungua. Na hapa hasira yake iliyumba, kwa sababu chini ya hasira palikuwa na kitu kilichomsumbua zaidi. Alikuwa mwalimu wa hisabati, na jibu lake lilitoka baya mbele ya watu asijue amekosea mstari gani. "Makosa yalikuwa wapi? Nimezipitia hesabu mara tatu."

Fawaz alitabasamu. "Hiyo ni siri ya duka."

* * *

Usiseme Radhiya alikuwa mchongezi, lakini jioni hiyo hiyo, kabla ya maghrib, alimwandikia Gakii barua pepe ndefu ya kumshtakia Fawaz. Alieleza yote: kaa, sauti, duka, kuuzwa kwa kitu cha wakfu. Aliambatisha programu yake mwenyewe kama ushahidi. Kesho yake, saa ya mapumziko, simu yake ililia katika chumba cha walimu.

"Mwalimu Radhiya? Ni Gakii. Kwanza nimefurahi sana. Sikujua hesabu zangu zimefika Pate! Mimi niliziandika nikisoma mambo ya bahari Mombasa, nikadhani zimelala tu huko." Alikuwa na sauti ya haraka, ya mtu mwenye kicheko karibu. "Sasa, huyo jamaa wa duka. Kuuza si kosa."

Radhiya alidhani hakusikia vizuri. "Si kosa?"

"Hata kidogo. Leseni yangu inasema hivi: chukua, tumia utakavyo, badilisha, toa nakala, bure au kwa pesa, shauri yako. Lakini ukimpa mtu programu, mpe na msimbo, yaani yale maandishi ya ndani ambayo mtu huyasoma na kuyatengeneza, pamoja na yote uliyoyabadilisha. Na umpe ruhusa zile zile nilizokupa mimi. Usipunguze ruhusa, usiongeze kizuizi. Jamaa wako anauza, sawa. Anaficha msimbo, hapo amevunja."

"Alhamdulillahi," alisema Radhiya.

"Ngoja. Wewe pia umevunja."

Chumba cha walimu kilikuwa na watu wanne. Radhiya alisimama, akatoka nje barazani.

"Umeandika 'haiuzwi'," Gakii aliendelea, bila ukali. "Mimi sikumkataza mtu kuuza. Wewe umemkataza kwa niaba yangu. Hicho ni kizuizi cha kuongeza. Kwa kweli leseni inasema atakayekuta kizuizi kama hicho ana haki ya kukifuta. Kwa hiyo alipoyafuta yale maneno hakukosea."

Nyani haoni kundule, wahenga walisema, na Radhiya, aliyekuwa ameandika kurasa mbili za makosa ya mwenzake, alihisi joto likipanda mpaka masikioni. Mtu mwingine angekata simu. Yeye aliuliza swali, kwa kuwa maradhi yake yalikuwa hayo: akishaona jambo lina mlango wa pili, hawezi kuondoka bila kuchungulia.

"Dada Gakii, nifahamishe. Kama ulitaka kiwe cha wote, kwa nini uruhusu kiuzwe?"

"Kwa sababu muuzaji anafika ambako mimi na wewe hatufiki. Wewe ungekaa miaka mingapi bila kuitia sauti?"

Radhiya alifikiri. "Nisingeitia."

"Unaona?"

"Na mbona umeandika kuwa haki ya kumiliki ni yako? Si ungeacha tu bila mwenyewe?"

Gakii alicheka. "Hilo ndilo swali! Hapo kwenu kuna upepo wa bahari, au siyo? Ukiacha mlango wazi, wazi tu, unafanyaje?"

"Upepo huufunga."

"Basi. Ningeacha bila mwenyewe, mwenye nguvu angechukua, angeongeza mistari miwili, angetia kufuli, na kwa sheria asingekuwa amekosea lolote. Kwa hiyo nimeshika umiliki, nikauweka kama jiwe mlangoni. Sheria ile ile wenzangu wanayofungia, mimi nafungulia. Na kila anayepita anaachiwa jiwe lake aweke kwenye mlango wake. Wenye kazi hii huita *copyleft*. Mimi mamangu nilimwambia ni leseni ya kurithishana, akaelewa mara moja."

Radhiya alisimama barazani, wanafunzi wakipiga kelele uwanjani, akaona raha ya ajabu, ile ya mtu aliyekuwa akigeuza ufunguo kinyume siku zote.

"Kwa sasa," Gakii alisema, "kwa mujibu wa leseni, nyote wawili mmepoteza ruhusa. Lakini hii ni mara yenu ya kwanza. Mkirekebisha ndani ya siku thelathini tangu niwaambie, inarudi."

"Kama toba."

"Ya kwenu siijui vizuri, Mwalimu. Hii ina tarehe."

"Basi nitakwenda nimdai msimbo leo hii."

"Kwa kuwa umeinunua?"

"Kununua? Mimi? Ni kaa wangu!"

"Anayestahili kupewa msimbo ni yule aliyepewa programu," alisema Gakii. "Nahodha anastahili. Wewe huna nakala ya Fawaz. Nunua."

* * *

Siku mbili nzima Radhiya hakwenda. Siku hizo alizitumia kusoma zile kurasa kumi na moja, mstari kwa mstari, na kamusi pembeni, kama alivyopaswa kuzisoma miaka miwili iliyopita. Alishangaa jinsi zilivyokuwa na mambo. Kuna mahali zilifikiria mtu atakayesema msimbo utakuja baadaye. Kuna mahali zilifikiria mtu atakayeutoa lakini kwa umbo lisilosomeka. Aliyeziandika alikuwa amewajua binadamu vizuri. Alikumbuka neno walilofundishwa chuoni, kwamba sharti la mwenye kuweka wakfu ni kama neno la sheria: halipunguzwi wala haliongezwi. Kumbe hakukosea kufananisha. Alikosea kutia sharti lake juu ya sharti la mwenyewe.

Siku ya Ijumaa, baada ya swala, aliingia dukani kwa Fawaz akavuta kile kiti, akakaa.

"Nauza," alisema Fawaz kwa tahadhari.

"Nanunua," alisema Radhiya, akampa simu na noti.

Fawaz alimtazama kama mtu aliyepewa samaki mwenye miguu. Aliitia programu, akamrudishia simu na chenji. Ile sauti ikasema Mkanda hupitika mpaka saa nne ya usiku kasoro dakika ishirini. Radhiya aliisikiliza mpaka mwisho, na hakuweza kujizuia: ilikuwa nzuri. Alimwambia hivyo. Kisha akatoa kompyuta yake mkobani, akaifungua kwenye meza katikati ya simu zilizovunjika, na mbele ya macho ya Fawaz akaufuta mstari wa kwanza wa programu yake mwenyewe. *Wakfu. Haiuzwi.* Ulitoka herufi moja moja. Moyoni alimkumbuka babake.

"Nilikosea," alisema. "Sikuwa na haki ya kukukataza kuuza. Nisamehe."

Fawaz alikuwa amejitayarisha kwa ugomvi, na mtu aliyejitayarisha kwa ugomvi akiombwa radhi hupepesuka. "Yameisha, Mwalimu. Hakuna neno."

"Sasa ni zamu yako. Nimenunua. Nipe msimbo."

Alimwonyesha barua ya Gakii na ukurasa wenyewe wa leseni. Fawaz aliusoma polepole, kidole chini ya maneno. Alipomaliza alichukua bisibisi, akaiweka tena.

"Wayua nimepataje zile hesabu?" alisema mwisho. "Wajomba zangu wa Kipungani walinipa boriti ya mkoko. Nikaipiga alama, nikaisimika Mkanda, katikati ya tope. Siku ishirini na tisa, Mwalimu, mwezi mzima, kila robo saa ya mchana nikiandika mai yako alama gani. Mbu wamenila mpaka nimekuwa mwepesi. Watu wakipita na maboti wakinifanya mwendawazimu."

Radhiya alisogea mbele ya kiti. "Na ukaona nini?"

Hakuweza kujizuia, na Fawaz naye, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwuliza, hakuweza kujizuia kujibu.

"Weye umeandika mai ya Mkanda huachana na mai ya Amu kwa dakika ishirini, siku zote. Nani alikwambia ishirini?"

"Nahodha mmoja. Nilimwuliza mara moja."

"Mara moya! Siku za mai mafu ni kweli, ishirini, hata pungufu. Lakini siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mai yaingia Mkanda kwa pande mbili, yakutana katikati. Hutelewa kujaa, kisha hutoka mbio. Namba si moya. Kila siku ya mwezi ina namba yake."

Jumatatu ile ilikuwa bamvua. Radhiya aliona mstari uliokosewa, akauona wazi kama chaki ubaoni: dakika ishirini, neno la mtu mmoja, lililoandikwa mara moja na kuaminiwa miaka miwili. Alifurahi. Aliona haya kwamba amefurahi, mamake alikaa topeni saa sita kwa namba hiyo, lakini alifurahi.

"Nipe, Bwana Fawaz. Programu yako yasema siku ya leo tu. Karatasi yataka mwezi mzima. Yule mwenye siku yake ya hospitali hawezi kungoja asubuhi aambiwe na simu ya nahodha."

"Nikikupa, utabandika Mtangawanda, na watu watasema karatasi ya Radhiya." Sauti yake ilikwaruza. "Siku ishirini na tisa. Nami nitakuwa yule mtu wa kutengeza chaja."

Kumbe ni hilo. Radhiya alikuwa tayari kwa hoja ya riziki, na jibu alikuwa nalo. Endelea kuuza, hakuna anayekuzuia. Hili lilikuwa jambo jingine. Alifungua leseni, akatafuta mahali alipopigia mstari kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia.

"Soma hapa."

Fawaz alisoma. Aliyebadilisha lazima aandike waziwazi kwamba amebadilisha, na tarehe. Majina ya waliotangulia yabaki.

"Wewe ulifuta jina la Gakii, ukafuta langu," alisema Radhiya. "Lakini hebu angalia. Na lako hukuliandika. Mahali pote nimetafuta, sikuliona. Uliogopa kuonekana, ukajificha pamoja na sisi." Alimgeuzia kompyuta. "Jina lako hapa si hisani yangu, wala sikuombei. Ni sharti. Mimi nikilitoa, nimevunja, na ruhusa yangu imekwenda. Na kila atakayechukua baada yangu ni hivyo hivyo, mpaka tutakapokuwa sisi sote hatupo."

Mteja alichungulia akitaka kutolewa nakala ya kitambulisho, akaambiwa arudi baada ya alasiri.

"Tarehe ni ya siku nilipoanza kuandika au nilipomaliza?" aliuliza Fawaz.

"Ya mabadiliko. Ukitaka, andika zote mbili."

Fawaz alichomeka kadi yenye msimbo wake, akavuta ubao wa herufi. Aliandika jina lake, na la babake, na la babu yake.

* * *

Karatasi ya mwezi uliofuata ilikuwa na pande mbili. Mbele zilikuwa siku na saa. Nyuma, kwa herufi ndogo, Radhiya alichapisha hesabu yenyewe: namba za Fawaz za kila siku ya mwezi, mistari ya Gakii, na majina matatu. Gakii alimwambia leseni inabana programu tu, wala haidai hivyo kwa karatasi inayotoka ndani yake. Radhiya alijibu kwamba anajua, sasa anasoma mpaka mwisho, na kwamba nyuma ya karatasi palikuwa patupu bure. Chini kabisa aliandika: *Ukitoa nakala, toa na nyuma yake.*

Aliipeleka kwa Husseini, maana yeye mwenyewe hakuwa na uso wa kwenda kuibandika. Husseini aliichukua. Wiki tatu zilipita. Kutoka Pate hakikuja chochote, si salamu, si mofa. Mama alikuwa bado amenyamaza, na kila siku Radhiya aliangalia saa, akaangalia karatasi yake, akajiuliza kama kuna mtu anayeisoma.

Shule zilipofungwa hakuvumilia tena. Alipanda boti ya Husseini, wakapita Mkanda robo saa kabla ya mwisho, maji yakitosha. Boriti ya Fawaz ilikuwa bado imesimama topeni na alama zake.

Walipofunga Mtangawanda alishuka akitazama ukuta wa banda la abiria. Karatasi ilikuwepo, gundi mpya, pembe nne. Na chini ya karatasi, juu ya kigoda, alikaa Bi Mwanaarabu na bakuli la mofa upande mmoja na bunda la karatasi upande wa pili, akiuza vyote.

Radhiya alihisi lile joto la zamani likimpanda. Aliuzuia mdomo wake kwa nguvu.

"Mama. Wauza karatasi yangu?"

"Ya nani?" Bi Mwanaarabu hakuinua kichwa. "Hapa mna majina, nimesomewa. Si moya. Fawaz hunitolea nakala, Husseini huniletea. Shilingi ishirini. Watu hawawezi kuya mpaka Mtangawanda kutazama ukuta kila siku. Wataka moya ya nyumbani."

"Na nyuma yake?"

Mama alichukua moja, akaigeuza. Nyuma ilikuwepo, kila mstari, mpaka lile sharti la chini.

"Zilikuya za kwanza hazina nyuma, nikamrudishia Fawaz zote. Siyui yasemayo, mato yangu hayaoni zitu zidogo hizi. Lakini imeandikwa itoke na nyuma yake, basi hutoka na nyuma yake."

Radhiya aliisogeza karibu. Chini ya jina la Fawaz palikuwa na mstari wa nne ambao yeye hakuuchapisha, umeandikwa kwa kalamu kisha ukatolewa nakala pamoja na mengine: *Boti ikipakia saruji, punguza nusu saa. Nimebadilisha mimi, Husseini*, na tarehe. Juu ya gati, Husseini alikuwa akishughulika sana na kamba ambayo tayari ilikuwa imefungwa.

Radhiya hakuwa amefikiria saruji. Miaka miwili, na hakufikiria kabisa.

"Nipe moja, Mama."

Bi Mwanaarabu alimtazama mara ya kwanza tangu ashuke. Kisha akanyoosha kiganja.

"Shilingi ishirini."

Radhiya alitoa sarafu. Mama alizipokea, akaikunja karatasi mara nne, akafungia ndani yake mikate miwili ya mofa, akampa mwanawe.

"Mikate ni yako," alisema. "Na karatasi nayo ina maana."